Wifi, Mimi si Mgeni Wako

Pete yangu ya ndoa ilianza kunibana tukiwa Lushoto mjini, saa 3 asubuhi, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama lishe karibu na stendi, miguu nimeinyoosha juu ya begi, namsubiri wifi yangu atokee na kijiti. Nilijaribu kuizungusha ile pete, ikagoma. Nyama ilikuwa imeinuka huku na huku kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani. Nikakunja ngumi, nikauficha mkono ndani ya kanga.

Mbio zenyewe ni za kupokezana vijiti, watu wawili wawili, kutoka Mombo hadi Mtae. Wanaoziandaa ni walimu wachache na vijana wa bodaboda wa huko huko milimani Usambara. Hazina jina, hazina namba za kifuani, hazina medali wala mgeni rasmi wa kupeperusha bendera. Kila jozi inachanga shilingi 20,000 za kande, chai na supu ya jioni, mwalimu mmoja mstaafu anaandika saa kwenye daftari, basi. Februari 2022, mwaka tuliokimbia sisi, tulikuwa jozi tisa. Marathoni ni kilomita 42.195, na chochote kinachozidi hapo wakimbiaji wanakiita ultra. Hii yetu inapita kilomita 80, na karibu yote ni kupanda na kushuka.

Sharti ni moja tu: kijiti kisipande chombo. Anayepumzika anaweza kwenda mbele kwa pikipiki akasubiri popote anapotaka, lakini kijiti kitoke Mombo kwa miguu na kifike Mtae kwa miguu, mkono kwa mkono. Kijiti chenyewe ni kipande cha mwanzi, urefu wa shubiri, upande mmoja umefungwa na fundo lake la asili na mwingine umezibwa kwa kipande cha gunzi. Ndani mna karatasi iliyokunjwa. Kila anayepokea anachomoa gunzi, anaandika saa na mahali, anairudisha. Mwanzi wetu ulikuwa mbichi kidogo bado, na ulipofika Soni ulikuwa umeshashika harufu ya kiganja changu.

Wifi ni dada wa mume wangu. Amenizidi miaka sita, analima karoti na kabichi kwenye matuta, na tangu utotoni vilima vile anavipanda na kuvishuka kwa miguu. Mimi ni wa Tanga mjini, nafanya kazi ya uuguzi. Kukimbia nilianza baada ya mtoto wa pili, alfajiri, kandokando ya bahari kule Raskazone, ambako hakuna mlima hata wa kusingiziwa. Yeye ndiye aliyenipigia simu: "Wifi, njoo tukimbie Mtae." Nikaitika kabla hajamaliza.

Lazima nieleze kidogo habari ya uwifi, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Wifi ni mtu wako, lakini pia ni mtu anayekutazama. Kwa miaka 11 ya ndoa yangu nilikuwa nikifika Lushoto nimevaa vizuri, nimebeba samaki wa kukaanga na nazi, naamka kabla yake, nashika ufagio kabla hajaushika. Tulipendana kweli. Tulisimuliana mpaka usiku wa manane, mambo ambayo mume wangu mwenyewe hayajui. Ila hakuwahi kuniona nimeshindwa na kitu. Na sasa nikikumbuka, mimi nami sikuwahi kumwona ameshindwa.

Tulipanga hivi: mimi mtu wa joto nianze chini, Mombo hadi Soni, yeye Soni hadi Lushoto, mimi tena Lushoto hadi Lukozi, kutoka hapo yeye aingie na kipande kirefu kuliko vyote, kisha mimi nimalizie. Vipande virefu, kwa imani kwamba ukikimbia sana unapumzika sana. Wa kutubeba alikuwa mtoto wa kaka yao mkubwa, kijana wa bodaboda. Mimi kwake ni mama mdogo, wifi ni shangazi.

Mombo saa 11 alfajiri joto la jana lilikuwa bado halijapoa. Kwenye barabara kuu mabasi yalikuwa hayajaanza kumiminika, wauza vitafunio wanafungua vibanda. Mwalimu akaangalia saa yake, akasema "Haya, Mungu awatangulie," tukaondoka, watu tisa na tochi za kichwani, kuukabili mlima ambao hatukuwa tunauona.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na barabara inakutoa kwenye mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari mpaka karibu 1,400. Sehemu kubwa ya kupanda inaisha kabla ya Soni. Ni kona juu ya kona, huku mwamba, huku korongo na mto unaousikia tu. Wifi alikuwa amenifundisha mambo mawili kwa ajili ya kipande hicho, na yote mawili nayashika hadi leo. La kwanza ni kona. Magari yetu yanashika kushoto, kwa hiyo mkimbiaji anakaa kulia ayaone yanapokuja. Lakini ikija kona inayopinda kulia, ukibaki upande wako unabanwa kati ya mwamba na Fuso la kabichi linaloshuka, na dereva hakuoni mpaka amekufikia. Hapo unavuka mapema, unapita kona kwa upande wa nje, ukishaimaliza unarudi. La pili ni kutembea. Mpando ukiwa mkali, hatua fupi za haraka, viganja juu ya mapaja, zinakufikisha karibu sawa na anayekimbia, na pumzi unabaki nayo. Wawili walionipita kwa kasi kwenye kona za mwanzo niliwakuta kabla ya Soni wameshika viuno.

Kosa langu lilikuwa maji. Niliogopa jua la Mombo, nikasahau kwamba jua lenyewe halijatoka. Nilikuwa na chupa ya nusu lita, na kijana wetu alikuwa akinipita na kunijazia. Kila nilipoipokea niliimaliza, nina kiu au sina. Nilipofika Soni nilikuwa nimekunywa zaidi ya lita tatu kwa muda wa saa mbili na nusu, maji matupu, bila chumvi, bila chochote cha kutafuna. Nikampa wifi kijiti, akaandika saa, akanipiga begani, akapotea kwenye kona kwa hatua zake ndogo ndogo. Mimi nikapanda pikipiki hadi Lushoto, na pale kwenye benchi nikaongeza chupa nyingine nzima.

Kina mama wanapoleta watoto wanaoharisha ninawaeleza kila siku kwa nini kwenye maji ya ORS kuna chumvi na sukari. Najua kwamba mwili ukiwa kwenye kazi kubwa unaachia homoni inayozuia mkojo, kwa hiyo figo haziwezi kuyatoa maji kwa kasi ile ile unayoyamimina. Yanabaki ndani, yanazimua sodiamu, yaani ile chumvi iliyomo kwenye damu, na seli zinavimba, za ubongo zikiwemo. Wakimbiaji 488 waliopimwa damu kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002, asilimia 13 kati yao walikutwa na sodiamu chini ya kiwango, na kilichohusiana nayo zaidi ni kuongezeka uzito wakati wa mbio, yaani kunywa kupita ulichopoteza. Vidole kuvimba peke yake huwapata wakimbiaji wengi na kwa kawaida si neno. Vikivimba pamoja na kichefuchefu na kichwa kizito, hapo mtu asimame. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu wifi alipotokea Lushoto, amelowa jasho, anatabasamu.

"Vipi, wifi, mzima?"

"Mzima kabisa, wifi. Pole na mlima."

Nikapokea kijiti kwa mkono wa kulia ili wa kushoto asiuone.

Kutoka Lushoto kwenda Magamba unapanda tena. Miti inaanza kufunga, hewa inabadilika. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka nyuzi 6 hivi, na mimi nilianza asubuhi kwa kuloa jasho la bondeni, kisha nikakaa muda wote ule Lushoto sijabadili fulana. Meno yakaanza kugongana. Msituni mbega walikuwa wakirukaruka juu ya miti, ile mikia myeupe inaning'inia, kitu ambacho siku nyingine ningesimama nikakitazama mpaka nichoke. Ukungu ukashuka. Nikatapika mara ya kwanza kando ya mtaro, maji matupu. Nikajifuta kwa kanga, nikaendelea.

Wanawake waliotoka shamba na mizigo ya majani kichwani walinisalimia kwa Kisambaa, nikaitikia kwa Kiswahili, na mmoja akasimama kabisa kunitazama. Nilitamani aniulize kitu. Hakuuliza, naye akashika njia yake.

Kijana wetu alirudi na pikipiki kunitazama. "Mama mdogo, shangazi anauliza, hali?"

"Mwambie naendelea vizuri. Asiondoke Lukozi, nakuja."

Akanitazama kidogo, akageuza. Baadaye alinisimulia alivyoufikisha ujumbe huo: "Shangazi, mama mdogo amesema anaendelea vizuri. Lakini anatembea kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha."

Sijui ilipita nusu saa au zaidi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliona miguu yangu na barabara mbele kidogo, basi. Nikasikia ndala zinapiga chini, mtu anakuja kwa kasi. Alikuwa wifi, anashuka barabara kwa miguu, sweta la kaka yake begani, viatu vya kukimbilia ameviacha kwa mama muuza chai. Hakunisalimia. Alinivalisha lile sweta kama anavyovalishwa mtoto, akaushika mkono wangu wa kushoto, akaufungua vidole kimoja kimoja. Akaiona pete.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu Lushoto."

Alinyamaza. Mimi nikaanza maneno ya kujitetea, kwamba sikutaka kumharibia mbio, kwamba amejiandaa miezi, kwamba nilidhani itapita. Akanikatisha bila kupandisha sauti.

"Wifi, mimi si mgeni wako."

Nililia pale pale barabarani. Si kwa maumivu. Miaka 11 nilikuwa nikimpokea kama mgeni kila alipokuja kwangu, na kila nilipokwenda kwake nilikuwa mgeni mwema. Na tulikuwa tumeingia kwenye mlima kwa mtindo ule ule, kila mmoja akimpa mwenzake kilichoiva na kuficha kilichoungua. Mbio za kupokezana haziendi hivyo. Anayesubiri Lukozi hana macho ya kuiona barabara ya Magamba. Anachokijua ni kile ulichomtumia. Nilimtumia uongo, na kwa sababu ya uongo huo alikuwa amekaa nusu saa nzima akiota moto, wakati angeweza kunipokea mapema na mwili wake bado una moto wake wenyewe.

Akachukua kijiti, akaandika kwenye ile karatasi, "Saa 5:40. Kwenye ukungu." Akaniambia nipande pikipiki, nisinywe maji tena, na nimweleze mimi muuguzi nifanye nini, yeye atanisimamia nikifanye.

Nilifanya hivi. Lukozi kulikuwa na supu ya mifupa, nikaiongeza chumvi, nikanywa kikombe kimoja polepole. Nikala viazi vya kuchemsha, kila kipande nachovya chumvini. Maji sikugusa mpaka nipate mkojo. Nikabadili fulana, nikavaa soksi kavu. Kama ningeanza kuchanganyikiwa, kusinzia hovyo au kupata degedege, habari ya supu ingekuwa imekwisha. Hapo ni hospitali haraka, na wanaompeleka mgonjwa waseme wazi kwamba alikuwa akikimbia na kunywa maji mengi, asije akaongezewa maji kama mtu aliyeishiwa. Nilimweleza kijana wetu haya yote akiwa ameshika usukani, akayarudia neno kwa neno. Alikuwa makini kuliko wanafunzi wengi niliopata kuwafundisha wodini.

Wifi alikuwa akitupita, akiinua kijiti, na kila akitupita anauliza kwa sauti, "Umekojoa?" Hakuna wifi anayemuuliza wifi yake swali hilo mbele ya kijana wa watu, barabarani, penye watu wa gulio. Mara ya tatu nikajibu, "Nimekojoa!" na mama mmoja aliyebeba tenga la karoti akapiga vigelegele bila kujua anashangilia nini.

Ule mpango wa vipande virefu tukauacha hapo hapo. Ukikaa saa mbili baada ya kupanda mlima, misuli inakaza, jasho linapoa mgongoni, na kuamka kunakuwa kama kuanza na mwili wa mtu mwingine. Tukaanza kupokezana kila kilomita 3, wakati mwingine 2, kadiri mguu ulivyosema. Anayepumzika anapata muda wa kula kiazi, kunywa chai ya rangi yenye sukari, kujipaka mafuta mapajani yasichubuke, na kabla mwili haujalala anapokea tena. Nilianza kwa kutembea tu, kilomita moja, kijiti mkononi. Kisha nikatembea na kukimbia. Barabara upande ule imejaa vumbi na makorongo ya mvua, na vijiji vimepandana juu ya migongo ya milima, kila bonde lina matuta ya mboga mpaka chini kabisa. Watoto walitukimbiza wakipokezana wao wenyewe. Wa kijiji hiki wanakufikisha mpakani, wa kijiji kinachofuata wanakuchukua.

Karibu na Sunga, kwenye mteremko mrefu, nilimkuta wifi amekaa juu ya jiwe kabla ya mahali tulipokubaliana. Amenyoosha miguu, mikono juu ya mapaja, na mapaja yanatetemeka yenyewe kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza inzi. Watu wanaogopa mpando, lakini mteremko ndio unaovunja mapaja, kwa sababu pale msuli unabeba uzito huku unavutwa. Yeye alikuwa amebeba sehemu yake na kubwa ya sehemu yangu.

Nilisimama mbele yake, nikangoja. Niliona anatafuta neno la kusema, na nililijua neno hilo, kwa sababu ndilo nililolitumia mimi Lushoto. Mwishowe akaninyooshea kijiti.

"Wifi, miguu imekwisha. Nipokee."

Hajawahi kuniomba kitu kabla ya siku ile. Nilikipokea kile kipande cha mwanzi kwa mikono miwili, nikaandika saa, nikaondoka. Nilikuwa na kilomita 42 na zaidi za siku nzima miguuni, tumbo lililotapika asubuhi, na nilikimbia kipande kile kama ndiyo kwanza nimeamka. Katikati yake nikagusa pete kwa kidole gumba, ikazunguka. Nikapiga kelele peke yangu barabarani.

Tulifika Mtae magharibi inaingia. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa, nyumba zimefuata mgongo wa mlima, na ukisimama mwisho wa barabara chini yako ni nyika ya Mkomazi imetandaa, na mbele milima ya Upare imeshaanza kuwa ya buluu. Kilomita ya mwisho tuliikwenda wote wawili kwa miguu, kijiti nimekishika mimi, yeye ameushika mkono wangu kwa sababu mteremko mdogo tu ulikuwa unampa shida. Jozi saba zilikuwa zimeshafika. Mwalimu akachomoa gunzi, akaikunjua ile karatasi iliyolowa, akaisoma yote kwa sauti kama anavyosoma mahudhurio. Alipofika "Kwenye ukungu" akatutazama juu ya miwani, asiulize, akainakili kwenye daftari vile vile ilivyoandikwa.

Tulikula kande, tukanywa supu. Usiku, nyumbani kwa ndugu yao, wifi alichemsha maji, akaweka beseni moja katikati, tukatia miguu yetu minne humo. Siku zote ningesema, "Acha wifi, nitafanya mimi." Nilikaa, nikamwacha amimine.

Basi linaondoka Mtae kabla hakujakucha. Tulipanda gizani, kila ngazi ya basi kwa kilio, tukakaa kiti kimoja, kanga moja magotini. Kufika mbele ya Lukozi alinigusa, akaonyesha nje. Ukungu haukuwepo. Ilikuwa barabara ya kawaida, kona moja, mti wa mkaratusi, na kutoka pale taa za maduka zilionekana wazi.